Mnaosema kuhoji watu si sayansi, njooni muone neti za Mchombe

Wakuu, salamu kutoka Ifakara. Mvua imetuachia matope hadi magotini, lakini mpunga umekubali.

Haya yamenikuta mwenyewe. Majirani zangu wamo humu jukwaani, nikitia chumvi wataniumbua mchana kweupe.

Mimi niliishia form four, na matokeo tuyaache yapumzike. Ila nina ndoto kubwa, na kazi niliyopata ni kuhoji watu vijijini kuhusu malaria. Napiga hodi, naamkia, naketi kwenye kigoda, nauliza.

Rafiki yangu Deo yuko maabara ya hapo hapo kazini, anachunguza mbu. Kila tukikutana kwenye chai ananichokoza.

"Mimi nafanya sayansi, wewe unafanya umbea wenye posho."

Nacheka, lakini inauma.

Hoja yake ilikuwa hii: mbu hajui kama anachunguzwa. Binadamu anajua, kwa hiyo leo atakwambia hivi na kesho atafanya vile. Utapimaje kitu kama hicho?

Na kazini nilikuwa na fumbo. Kila nyumba kijijini Mchombe nilionyeshwa neti safi juu ya kitanda, na bado watoto waliugua kila msimu wa kuamia.

Kwa wageni wa huku: mpunga ukianza kuiva, familia zinahamia shambani kufukuza ndege. Wanalala kwenye vibanda vya nyasi mpaka mavuno.

Dada yangu, Mama Neema, anaishi huko Mchombe. Mwaka jana Neema alipata degedege humo humo kibandani. Mtoto wa miaka mitatu, wakuu. Nilimbeba kwenye bodaboda hadi hospitali huku namwimbia.

Msimu huu nikaapa neti itahamia na watu. Siku ya kuhama nikaifungua kitandani, nikaitupia begani, tukatoka.

Hatujafika mbali, jirani yake Mama Rehema akapaza sauti:

"Heee! Mama Neema, ndo umeachika? Na mjomba kaja kumchukua dada yake kabisa!"

Njia nzima ikaangua kicheko. Dada naye akacheka, kisha akaninyang'anya ile neti akairudisha ndani.

"Godoro na neti havipiti barabarani, mdogo wangu. Watu watasema nimefukuzwa."

Kumbe jibu lilikuwa hili! Miezi yote nilikuwa nauliza kama watu *wana* neti. Sikuwahi kuuliza kwa nini haitoki nje ya mlango.

Nikarudi mbio kwa Deo. Kama kweli ni aibu, nikamwambia, basi neti ikifichwa itasafiri. Tuwape salfeti, yale magunia ya mpunga, wazitie humo, nani atajua?

Alinisikiliza, halafu kwa mara ya kwanza hakunicheka.

"Sawa. Lakini sema sasa hivi nini kitakuonyesha kwamba umekosea. Na uwe na upande wa kulinganisha."

Tukachagua vitongoji viwili vilivyo mbali kimoja na kingine. Vyote tuliviambia maneno yale yale kuhusu mbu wa shambani, kimoja tu tukakiongezea salfeti. Pande zote zikifanana, mimi nimekosea na umbea wangu. Bosi wetu na serikali ya kijiji wakaridhia.

Salfeti ya kwanza nilimpelekea dada. Deo akasema, "Huyo usimhesabu, ni ndugu yako." Nikamwambia simhesabu, nampenda.

Tukaanza kupita mashambani, daftari mkononi.

Upande usio na salfeti: kibanda baada ya kibanda, mkeka mtupu. Upande wa pili: neti! Neti! Si zote, niseme ukweli. Mzee mmoja alinionyesha paa lake, halina hata pa kufungia kamba. Wazo langu lilikuwa na tundu, nikaliandika hilo tundu. Lakini tofauti hata kipofu angeipapasa.

Hatukungoja mavuno. Tukapeleka salfeti, pamoja na miti na kamba za kufungia neti, upande ule uliokosa, nako neti zikaanza kutokea.

Deo akanipa mkono. "Karibu kwenye sayansi, bwana. Ila yako ngumu kuliko yangu."

Na hapo ndipo watu walipotufunga bao sote wawili. Siku ya kurudi kutoka shambani nilikaa kwa dada kuwapokea. Namwona Mama Rehema anakuja, neti kichwani, wazi kabisa, inapepea kama shela la harusi.

"Mama Rehema, umeachika?" nikamtania.

"Niachike wapi! Kila mtu anajua kilichomo kwenye salfeti, nifiche nini tena?"

Wala sikutabiri hilo, wakuu. Aibu yenyewe ilikuwa imekufa. Deo alisema kweli, watu hubadilika wakijua wanachunguzwa. Hilo nalo ni la kuchunguza.

Nyuma yake alikuwa Neema, anatembea kwa miguu yake, amejaa matope na vicheko. Msimu mzima hakuugua.

Somo nililolipata: sayansi si koti jeupe. Ni kusema mapema kitu gani kitakuumbua, halafu kwenda kukitazama kwa macho yako.

Mnaobisha karibuni, hasa watu wa maabara. Na kwenu huko, ni kitu gani chema ambacho watu wanaona haya kukibeba barabarani?