Vidole vya Muuza Vinanda

Muuza vinanda hakupenda mteja aviguse. Kila alipotaka kupiga alibonyeza kwanza kitufe chekundu pembeni, akafumba macho, vidole vikakimbia huku na huku, na wimbo ulipokwisha akakipangusa kinanda kwa leso kana kwamba kimelowa jasho lake. "Hiki ndicho cha bei nafuu kuliko vyote, mama," alimbembeleza fundi cherehani. "Binti yako atapiga hivihivi."

"Rudia," alisema fundi, aliyejinyima mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo.

Akarudia. Katikati akashikwa na chafya, akaziba pua kwa mikono yote miwili, na wimbo ukaendelea bila kukosa hata noti moja.

Fundi alikitazama kile kitufe chekundu. "Binti yangu anaanza masomo ya kinanda Jumatatu," alisema. "Njoo mkae dawati moja."