Raketi Niliyoichagua kwa Macho

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi ya Songea imebana na milima ya Matogoro haionekani kwa ukungu, niliposimama katikati ya uwanja wa tenisi nikamwambia rafiki yangu maneno ambayo hadi leo nikiyafikiria nainamisha uso. Mwanangu, umeniomba nikusaidie kuchagua raketi. Nitakusaidia. Lakini nisikilize kwanza, maana yangu ya kwanza niliichagua vibaya, na aliyeumia zaidi si mimi.

Wakati huo nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali pale mjini. Zuhura alikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyohiyo, binti wa Kiyao kutoka Namasakata kule Tunduru, mfupi, mwepesi, mcheshi kupita kiasi. Tulijifunza tenisi pamoja kwenye uwanja wa zamani wa klabu, udongo mwekundu mtupu, mistari tukiichora wenyewe kwa chokaa. Raketi zilikuwa za mbao, mali ya klabu. Alizitunza Mzee Mapunda, Mngoni aliyekuwa akifunga nyuzi za raketi tangu ujana wake, na ndiye aliyetufundisha sote wawili.

Ngoja nikueleze tulivyokuwa tukicheza, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mimi nilikaa nyuma, kwenye mstari wa mwisho. Mkono wangu ni mrefu, nami nilipenda kuuvuta nyuma kabisa kisha niuachie wote. Sikuwa na haraka. Nilirudisha mpira, nikarudisha tena, hadi mpinzani achoke akosee mwenyewe. Zuhura alikaa mbele karibu na wavu, akiizuia mipira kwa kuigusa tu, pa, pa, kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Tulielewana bila kusemeshana. Mwaka huo tukaambiwa timu ya mkoa itakwenda kucheza Mbeya, na nafasi ya wanawake wawili ni yetu tukiwashinda walimu wawili kutoka Mbinga. Zuhura hakuwahi kuvuka Njombe maishani mwake. Alishona sketi nyeupe mbili, yake na yangu.

Basi, ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Maduka ambayo juzi tu yalikuwa na rafu tupu, na sabuni tuliipangia foleni, sasa yalijaa vitu hadi mlangoni. Asubuhi moja nikaona raketi nyeusi inang'aa, kichwa kipana kama ungo, imetundikwa kati ya miavuli na mablanketi. Nilishawahi kuona ya namna hiyo kwa mpima barabara mmoja aliyekuwa akija klabuni, mwanamume wa miraba minne. Akipiga mpira, watu wanageuka. Mwanangu, sikujiuliza lolote. Hata mpini sikuushika vizuri. Nilijiona tu nimekuwa kama yeye, nikainunua.

Mzee Mapunda aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga nyuzi kwa kiganja, akasikiliza.

"Raketi nzuri hii," akasema. "Ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Najua umeinunua wewe, Skola. Nauliza ni ya nani."

Nikacheka, nikidhani ni uzee. Akanieleza taratibu: fremu ni ngumu, haipindi hata kidogo, na mpira unaruka wenyewe ukiugusa. Mtu mwenye mkono mrefu kama wangu atarusha mipira hadi barabarani, na mtikisiko wote utaishia kwenye kiwiko. Akaniomba mechi ya walimu nicheze na ile ya mbao niliyoizoea. Nikamjibu kwamba zama za mbao zimekwisha. Akanirudishia raketi yangu, akainama kuendelea na kazi yake.

Siku ya mechi watu walikuwa wengi, wamejifunika makoti na khanga. Kwenye benchi letu nikakuta Mzee Mapunda ameniwekea raketi ya mbao, nyuzi mpya, bila neno. Niliiona. Nikaiacha palepale.

Mpira wangu wa kwanza ukatoka nje. Wa pili nje. Nilipojaribu kuupunguza nguvu ukaishia wavuni. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyoukaza mkono, na kiwiko kikaanza kuwaka moto. Tukapoteza seti ya kwanza. Zuhura akanisogelea, sauti ya chini.

"Skola, taratibu. Chukua ile ya benchini. Wewe rudisha tu, mimi nipo mbele. Wallahi ukinifikia mmoja naumaliza."

"Cheza yako," nikamwambia.

Mpira wa mwisho ulikuja kwangu, rahisi, wa kumpa mtoto. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote, ukapita juu ya walimu wa Mbinga, juu ya mstari, ukagonga uzio. Nikamgeukia Zuhura, mbele ya watu wote, nikasema, "Ningekuwa na mwenzangu anayejua kucheza tusingefika hapa!"

Alinipita akaenda wavuni. Aliwapa mkono walimu, akawapongeza, akaokota mipira mmoja mmoja akaitia kwenye mfuko. Kisha akaenda zake, na ile sketi nyeupe.

Wiki ile ofisini nilisikia mashine yake ya chapa tu. Nikimsalimia, ananiitikia kama anavyomwitikia mgeni. Kiwiko kilivimba hata faili nikashindwa kuinua. Nikamwendea Mzee Mapunda nikitaraji pole.

"Shikamoo, mzee. Mkono wangu umeharibika."

"Marahaba. Kiwiko kitapona. Zuhura umeshamwendea?"

"Bado."

"Basi usiniletee kiwiko," akasema, na hakuinua macho kwenye nyuzi zake.

Mwanangu, nimekemewa na wengi, lakini hakuna aliyenifanya nijione nilivyo kama mzee yule kwa maneno yale machache.

Nilimwendea Zuhura Ijumaa mchana, ametoka kuswali, anapepeta mchele uani. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba kosa lilikuwa langu tangu dukani.

"Ulinisema mbele ya watu, Skola."

"Ndiyo. Na radhi nitakuomba mbele yao."

Akapepeta kidogo, akatoa jiwe, akalitupa. "Njoo kesho, basi. Tutaona."

Kesho yake nikasema uwanjani, kwa sauti, wote wasikie. Ndipo Mzee Mapunda akamwambia Zuhura aishike ile raketi nyeusi asogee kwenye wavu. Akamrushia mpira. Zuhura akaugusa kidogo tu, kama kawaida yake, na mpira ukaenda mbali, ukatua palepale kwenye mstari. Wa pili vilevile. Mkono wake mfupi ulikuwa ukikosa nguvu siku zote, na raketi ile ilikuwa nazo tele.

"Mwenyewe ndiye huyu," mzee akasema.

Nikamwachia. Tulicheza pamoja hadi mvua zilipoanza, mimi na mbao yangu nyuma, yeye na nyeusi mbele, na hatukufungwa tena. Lakini Mbeya walikwenda walimu wa Mbinga. Kisha mama yake Zuhura akaugua, naye akarudi Tunduru kumuuguza, akakaa huko moja kwa moja. Nafasi ile haikumrudia. Alinisamehe kabisa, najua. Ila kusamehewa hakukumpeleka Mbeya.

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujaingia dukani, cheza kwanza, na umwombe anayekujua akutazame. Kama mkono wako ni mrefu na unapiga kwa nguvu zako, tafuta raketi tulivu, yenye kichwa cha wastani, isiyo ngumu. Nguvu unazo, unachohitaji ni mpira ukusikilize. Kama unagusa tu, au unapenda kukaa mbele, chukua nyepesi yenye kichwa kipana ikusaidie. Mpini ushike hadi uridhike. Vidole visibanane wala visielee. Ikikuuma mkono, iache, hata kama ni mpya na wote wameisifia. Na ukishachagua vibaya, maana utachagua vibaya siku moja, katika raketi au katika jambo kubwa zaidi, sema ni wewe. Usimtafute wa kumbebesha.

Mungu akujalie kiwiko kizima na macho ya kujiona ulivyo, akupe mwenza wa kusimama naye uwanjani, na akupe ulimi wa kumtunza. Nenda, mwanangu, ukacheze kwa amani.