Pombe Ambayo Sikuruhusiwa Kuionja

Nyumba yetu ya mtaa wa Cimpunda ilikuwa na paa la mabati na mlango usio na kufuli. Naanza na mlango kwa sababu kila ninapoitaja nyumba ile, watu hudhani tulifungiwa. Hapana. Sisi wanaume tuliokaa mle tulikuwa tumetoka hospitali, kwenye jengo la wagonjwa wa akili. Tulikuwa tumepata nafuu, lakini hatukuwa tayari kurudi nyumbani, au nyumbani hawakuwa tayari kutupokea. Masista wa misheni wakakodi nyumba, wakamweka maman mmoja mjane atuangalie. Kazi yake haikuwa kutupikia, bali kuketi barazani na kutuacha tuunguze bugali mpaka tujue kuusonga. Mimi niliuunguza kuliko wote, na kila mara niliwaeleza wenzangu, kwa utulivu, kwa nini umeungua.

Nilikuwa mwalimu, na kueleza ndiyo tabia yangu. Mwenzangu wa chumba, fundi wa nguo, alinizoea upesi. "Mwalimu," alikuwa akisema, "eleza mbio, moto iko inazimika."

Nilipougua, mke wangu alirudi kwa baba yake, kijijini Mudaka. Sikumlaumu. Sasa masista walikuwa wameniahidi chumba cha nyuma ya nyumba ile kama atakubali kurudi, ili maman aendelee kunikumbusha vidonge vyangu. Baba mkwe akatuma neno: binti yake hatoki Mudaka mpaka yeye mwenyewe aje anione kwa macho yake.

Maman akatafuta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, maana mkwe hapokelewi kwa maji. Hapa naomba nieleze kidogo. Kwetu, mwenyeji huonja kwanza, mbele ya mgeni, ili mgeni ajue kinywaji ni salama. Asipoonja, mgeni hagusi, na anaondoka na neno moyoni. Na infirmiye, muuguzi aliyetuletea vidonge, alikuwa ametukataza sote kugusa pombe.

Mtu mwenye akili timamu angeliona tatizo hili mapema. Mimi, niliyekuwa nikijiandaa kuonyesha kwamba akili zangu ni timamu, nilifikiria viti, nilifikiria shati, nilifikiria hata nani atafukuza kuku. Kuonja sikukufikiria.

Baba mkwe alifika amevaa koti lake la kanisani, akaketi karibu na mlango. Nikamwekea kibuyu na mrija wake. Akangoja. Nami nikangoja, nikitabasamu. Akatazama kibuyu, akanitazama mimi. Hapo ndipo nikaelewa.

"Papa," nikasema, "niruhusu nieleze."

Nikaeleza vidonge. Nikaeleza kwamba pombe na vidonge ni kama wake wawili katika jiko moja. Alipokuwa bado hajagusa kibuyu, nikaokota kipande cha mkaa, nikapiga magoti na kumchorea sakafuni ini ambalo vitu hivyo viwili huliharibu. Ini halikufanana na ini, kwa hiyo nikaeleza pia kwa nini halikufanana.

"Mwalimu," fundi akanong'ona nyuma yangu, "ama uonje, ama unyamaze!"

Maman alijifunika mdomo kwa kitambaa chake. Uso wa baba mkwe ulikuwa mgumu. Nikajua nimekwisha, mke wangu ndiye huyo anabaki Mudaka, lakini ulimi ulikataa kusimama. Nilikuwa nimefika kwenye namna ndizi zinavyochachuka nilipoona mabega ya mzee yanatikisika.

Alikuwa anacheka.

"Siku ya kuleta mbuzi za mahari," alisema akijifuta macho, "ulitueleza namna ya kufunga kamba. Ulieleza mpaka mbuzi moja ikalala." Kisha akaacha kucheka. "Wakati ulikuwa mugonjwa, nilikuja kule hospitali. Nilikaa karibu yako mpaka jua likashuka. Ulikuwa unaangalia ukuta, hukusema hata neno moja. Ni ile kimya iliniogopesha, mutoto wangu. Leo nimeona ni wewe."

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, na mkaa mkononi.

"Sasa," akauliza, "nani ataonja? Koo langu limekauka sababu ya ini lako."

"Mimi niko mama wa hii nyumba," maman akasema. Akavuta mrija, akameza, akamsogezea kibuyu. Mzee akanywa, tena akanywa sana.

Jumamosi iliyofuata nilimngoja mke wangu barabarani, hotuba yangu tayari kichwani, ina mwanzo, katikati na mwisho. Alikuja amebeba mkeka na mkungu wa ndizi. Nikafungua mdomo. Akanitazama kidogo, akaushusha ule mkungu na kunitwika.

"Utanieleza tukifika," akasema, akatangulia.