Nilivyoruka Ukurasa wa Mwalimu Chilumba

Nikiikumbuka siku ile masikio yananichoma hadi leo, lakini nawasimulia ninyi kwa sababu najua mtanicheka kisha mtanisamehe.

Mimi ni mwalimu wa hesabu Nachingwea, na hesabu yenyewe nilifundishwa na Mwalimu Chilumba, sasa mstaafu, analima ufuta Nkowe. Ana daftari lenye uthibitisho alioutunga mwenyewe: namba tatu zimekaa duara, kila moja inazidishwa kwa yenyewe, kisha kwa jirani yake wa kulia, na anathibitisha kwamba majibu yakijumlishwa hayavuki kikomo fulani. Nikamwahidi nitauingiza kwenye kompyuta, maana kuna programu inayokagua hesabu hatua kwa hatua, halafu tuuonyeshe kwenye mkutano wa walimu Ruangwa. Alipiga pasi kanzu yake mara mbili (mkewe ndiye aliyenipa siri).

Uthibitisho ulikuwa wa kurasa mbili. Mimi na haraka zangu nikaona ukurasa wa pili unarudia wa kwanza, ila namba mbili zimebadilishana nafasi, basi nikauruka, nikaiambia programu kwamba ukurasa wa pili ni vivyo hivyo (sisi watu wa hesabu ndiyo ujanja wetu), wala sikuijaribu kabla ya mkutano.

Mbele ya ukumbi mzima nikabonyeza, ukutani ukatokea mstari mwekundu, yaani programu imeona kosa. Nikabonyeza tena, mwekundu vilevile, walimu wakaanza kukohoa, nami badala ya kunyamaza nikasema kwenye maikrofoni, "Nadhani uthibitisho wenyewe una kasoro, wazee wetu hawakuwa na vifaa."

Mwalimu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akasimama taratibu, akaja mezani, akaniinamia sikioni ili nisiaibike.

"Mwanangu, ukurasa wa pili uko wapi?"

"Si unarudia wa kwanza, Mwalimu?"

"Haurudii. Ukibadilisha namba mbili, jirani wa kulia anakuwa wa kushoto. Ndiyo maana nilihesabu upya. Lakini usijali, tuwaambie tumeusahau nyumbani."

Maikrofoni ilikuwa wazi. Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Akalifungua daftari, akanisomea mstari kwa mstari, nami naandika, na hakuna aliyetoka. Wekundu ulipofutika walisimama wote, wakampigia makofi yeye.

Tulipofika kwake nikasema, "Nisamehe Mwalimu, nilikusingizia mbele za watu."

"Ulinisingizia kweli," akajibu, hakunipunguzia. Kisha akanishika mkono. "Lakini daftari hili limekaa miaka yote, wewe ndiye wa kwanza kuniomba ulisome."

Nimeapa: sitaandika tena "vivyo hivyo" juu ya kazi ya mtu kabla sijaifanya yote kwa mkono wangu.