Kuku Mia Mbili Nisiokuwa Nao

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka, lakini siku ile nyumbani kwa kina Akinyi, msichana ninayetaka kumwoa, kule Karungu, nilitamani ardhi ipasuke nizame na suti yangu ya kuazima.

Kosa lilianza na mdomo. Babake Akinyi, mwalimu mstaafu, aliniuliza nafanya nini zaidi ya kutengeneza simu hapa Migori, nami (sijui shetani gani alinipitia) nikasema nafuga kuku mia mbili wa mayai. Kumbe kuku ndio maisha ya mzee! Akinyi akaniambia babake hushinda kwenye jamii ya wafugaji, yaani ukumbi wa mazungumzo katika mtandao mmoja wa kijamii usio na mwenye mmoja, kila kundi la watu na seva (kompyuta) yake, na seva zote zinapelekeana habari. Nikaona nijiunge haraka nisome, ili Jumamosi wazee wangu wakienda kuniposea nami niwe na la kusema.

Nikafungua akaunti kwenye seva nyingine, nikatafuta ile jamii, hakuna. Nikatafuta tena, hakuna (seva yangu haikuwa imewahi kuisikia, ilitaka niandike anwani nzima kisha ningoje, lakini mimi na subira wapi na wapi). Basi nikamwandikia rafiki yangu Ochieng wa Sori hukohuko mtandaoni, nikaweka anwani nzima ya jamii ajue ninayoitaka, halafu nikamwaga yote: "Omera, ndugu yangu, nisaidie kuingia hapa. Nimemdanganya babake Akinyi wa Karungu eti nina kuku mia mbili, na hata mmoja sina. Sijui hata wanakula nini."

Sikujua kwamba huko ukitaja anwani ya jamii, ujumbe wako unaingia humo moja kwa moja na kila aliyejiunga anausoma. Ochieng akanipigia mbio: "Futa! Futa saa hii!" Nikafuta. Kwangu ukatoweka, ila seva zingine zilikuwa na nakala zao, na majibu yakazidi kuja, hata mtu wa nchi nisiyoijua akanieleza kwa upole kuku hula nini.

Jumamosi nikaenda nikiomba mzee awe hajauona. Baba yangu mdogo akasimama kunisifu, "Kijana wetu ni mfugaji, kuku mia mbili si mchezo," na mzee akamwacha amalize kabisa, akavaa miwani, akatoa simu, akausoma ujumbe wangu wote kwa sauti ya darasani. Wageni waliangua kicheko. Akinyi hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma.

"Mzee, nilidanganya," nikasema. "Sina hata yai."

"Hilo tunajua, mpaka ng'ambo wanajua. Kuku nitakufundisha. Lakini binti yangu simtoi leo. Rudi ukiwa na kitu cha kweli cha kuniambia, hata kiwe kidogo."

Sasa nina kuku sita. Nimejiunga na ile jamii kwa jina langu kamili, naweka picha zao, na mzee huandika chini yake, "Punguza mahindi." Kujisifia nisichokuwa nacho nimekoma, wallahi nimekoma. Akinyi naye, tangu juzi, ameanza tena kupokea nikimpigia simu.