Mama Pindo na Kikao cha Msamaha

Tumemzika shangazi yangu, Mungu amlaze pema. Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa kila sare ya shule aliyoshona aliiachia pindo refu. "Mtoto harudi nyuma," alikuwa akisema, "anakwenda juu tu." Hakujaliwa kuzaa, lakini wazazi wetu walipofariki alinilea mimi. Mdogo wangu wa kike alichukuliwa na shangazi mdogo na mumewe, mtu wa sala, aliyeheshimiwa na wote.

Mdogo wangu alikuwa darasa la tatu alipoletwa kwenye duka la ushonaji la shangazi kupimwa sketi mpya. Akamnong'oneza shangazi, "Naomba kifungo kisichofunguka."

Shangazi akaweka futi chini, akafunga mlango, akakaa sakafuni ili macho yao yalingane. "Nani anakifungua, mwanangu?"

Aliyoyasema mdogo wangu siyaandiki, ni yake. Shangazi alimjibu, "Nimekuamini. Hukukosa wewe." Hakumrudisha kule. Alimpeleka hospitali, kisha polisi.

Kesho yake wazee wa ukoo wakajaa dukani pamoja na shangazi mdogo na yule mumewe. Walitaka kesi ifutwe na mtoto arudi kwao.

"La nyumbani humalizwa nyumbani," akasema baba mkubwa.

"Limeota nyumbani, kaka. Humohumo ndimo lilimomwagiwa maji."

"Ulimi wako mkali kuliko mkasi!"

"Mkasi naazimisha. Ulimi nabaki nao."

Kwetu mkosaji hupiga goti mbele ya wazee, akasema "nisameheni", wakamnyanyua, basi yamekwisha. Yule mtu akapiga goti katikati ya vipande vya vitambaa. Baba mkubwa akanyoosha mkono amnyanyue.

"Ngoja kwanza," shangazi akasema. "Toba hutajwa. Mungu humwambii 'nisamehe yale'. Yapi?"

Yule mtu, akidhani msamaha umeshaiva, akataja. Hakumaliza yote, lakini alisema ya kutosha. Baba mkubwa akaurudisha mkono wake taratibu, kama aliyegusa chungu cha moto.

"Mungu kasikia," shangazi akasema, "na ninyi mmesikia. Nani ataapa mahakamani kwamba alikuwa kiziwi?"

Shangazi mdogo ndiye aliyesimama wa kwanza, machozi yakimtiririka. "Sitakuwa kiziwi, dada." Baba mkubwa akavaa kofia yake. "Twendeni polisi."

Hao waliokuja kuizima kesi ndio walioibeba. Wengine walituita wavunja ukoo. Lakini kina mama wakaanza kuja dukani wakisema wanataka kupunguza gauni, mlango ukifungwa wanalia: mmoja kwa yaliyompata mwanawe, mwingine kwa yaliyompata yeye mwenyewe utotoni. Tulidhani msiba huu ni wetu peke yetu, kumbe nyumba nyingi zilikuwa zimeufunika kwa mkeka. Shangazi aliwasindikiza polisi, mmoja baada ya mwingine.

Hakimu alimtia yule mtu hatiani, akafungwa. Tulipotoka mahakamani, kina mama walikuwa wamejipanga uani, wakapiga vigelegele mpaka askari akacheka. Mdogo wangu akamvuta shangazi mkono.

"Bado nitalala kwako?"

"Leo, kesho, mpaka uichoke kelele ya chereheni yangu."

"Siichoki."

"Basi shauri yako, umeshahamia."

Akatangulia mbele yetu sote, akirukaruka.