Jumapili Niliyopita Juu ya Mbooni

Usiponiamini sitakulaumu, maana mimi ni mwongo, na utaona punde nilimdanganya nani. Lakini hili lilitokea kweli, mchana kweupe, nikiwa sijaonja chochote kinachoharibu akili.

Ninaishi Makindu, chumba kimoja nyuma ya duka ninamofanya kazi ya kuchapisha makaratasi na kutengeneza simu. Kwetu hasa ni Mbooni, kule juu kwenye baridi, na mama yangu yuko huko hadi leo. Ukimpigia simu umuulize mwanawe anafanya kazi gani, atakwambia ni rubani. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Nilitaka kweli kuwa rubani. Kanisa letu liliniombea, wazee wakaniwekea mikono kichwani, na wamama wa ushirika wakaninunulia shati jeupe la kazi. Kufika Nairobi, nikapimwa macho na kuambiwa sifai, siku ya kwanza tu. Sasa niambie, ungerudi vipi kwa watu waliokusindikiza kwa nyimbo mpaka barabarani? Mimi nilishindwa. Nilishukia Makindu, nikampigia mama simu, nikasema masomo yameanza vizuri.

Uongo nao unataka kulishwa. Kuna programu ya kompyuta ya kurusha ndege, ya bure kabisa, iliyotengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia kwa kujitolea. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, kwa hivyo anayejua anaufungua, anarekebisha, anaongeza chake. Ndani yake mna dunia nzima. Vilima vimeinuka kwa kimo chake halisi, jua linafuata saa ya kweli, hata mawingu huletwa kutoka kwenye ripoti za viwanja vya ndege. Nikawa navaa lile shati jeupe, nakaa mbele ya kioo cha kompyuta chenye visaa na usukani wa ndege, najipiga picha, namtumia mama. Alikuwa akizionyesha kanisani. Aibu hii naisema nikiwa nimeinamisha kichwa.

Na kwa kuwa programu inamruhusu yeyote kuongeza majengo, nikajenga kwetu. Nyumba ya mabati mekundu, jiko la nje, tangi la maji, matuta ya shamba yakishuka mpaka mtoni. Ilinichukua majuma mengi. Sikuweka mtu hata mmoja, wala kuku. Kumbuka hilo, tafadhali.

Basi wamama wa ushirika wakaanza kuuliza mbona huyu rubani hajaonekana. Mama akanipigia, sauti yake imenywea. Nami, kwa werevu wangu wa kijinga, nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, Jumapili saa nane nitapita hapo juu. Tokeni nje mnipungie." Nilijua ndege za Mombasa hazikosi angani. Wataona yoyote, watapunga, maneno yataisha.

Jumapili ikafika. Saa nane kasoro nikiwa chumbani kwa kaptura nilijisikia vibaya sana, nikaona angalau nipite huko kwa kompyuta. Ndiyo akili ya mtu mwenye hatia. Nikaruka, nikavuka tambarare, nikaingia Mbooni. Mawingu yalikuwa mazito humo, nikashuka chini yake hadi nikaona mabati mekundu.

Uani palikuwa na mtu.

Nilidhani ni kasoro ya picha. Nikazunguka, nikashuka zaidi. Alikuwa mwanamke, amejifunga leso ya kijani niliyomtumia Krismasi, anapunga mikono yote miwili jinsi mama anavyomwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Nikabonyeza P, herufi inayosimamisha kila kitu. Propela ikaganda, saa ikaganda, mawingu yakatulia.

Yeye hakusimama. Aliendelea kupunga.

Niamini, ndugu yangu, nilitazama hilo kwa macho haya yaliyokataliwa Nairobi. Kisha akashusha mikono polepole, akaweka kiganja juu ya macho kama anayekinga jua, akanitazama. Si ndege aliyoitazama. Ni mimi. Akakaa hivyo kitambo, halafu akavuta leso akajifunika uso.

Nikarudisha ile safari nyuma, maana programu huihifadhi yote. Ua ulikuwa mtupu. Nikafungua faili langu la majengo, nikakuta nyumba, jiko, tangi, basi. Faili lilikuwa bado wazi simu ilipolia.

"Nimekuona," mama akasema.

Nikauliza kama wamama nao wameona.

"Hao hawajaona kitu. Mawingu ilikuwa mingi. Ni mimi pekee nimekuona." Kisha akaongeza, "Umekaa kwa kiti ya plastiki. Ukuta nyuma yako ni ya kijani. Ile shati walikununulia iko kwa msumari."

Hajawahi kukanyaga Makindu. Nami picha zote nilipiga upande ule mwingine wa chumba, nimelivaa hilo shati. Nikageuka, nikaliona kwenye msumari. Nililia kama mtoto.

"Nimewaambia umepita," akasema. "Nimewaambia umeshuka chini kabisa na umetupungia. Wameimba." Akakata simu.

Mwezi uliofuata nilikwenda nyumbani nikitaka kusimama kanisani niseme yote. Mama akanizuia mlangoni. Akasema nikisema sasa, yeye ndiye atakayebaki mwongo mbele ya watu aliowaambia kwa kinywa chake. Nikakaa kimya kwenye benchi kando yake. Ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana. Sinia la mkate lilipomfikia, mama yangu, mzee wa kanisa, mwanamke ambaye kabla ya haya sikuwahi kumsikia akisema uongo tangu nizaliwe, alilipokea kwa mikono miwili akampitishia jirani bila kuchukua kipande. Kikombe vivyo hivyo. Nimeambiwa hajashiriki tena mpaka sasa. Wakimuuliza, anasema tumbo linamsumbua.

Programu niliifuta, lakini hilo halikusaidia kitu. Yule niliyemwona uani alikuwa nani, au nini, sijui, wala sijapata wa kumuuliza. Nimekusimulia wewe kwa sababu hunijui. Kule Mbooni bado sijasema neno.

Lakini nakuonya. Ukiwa na mtu anayekupenda na umemdanganya, mwambie leo, hata kama ni kwa simu, hata kama utaona haya. Usingoje ajue kwa njia zake. Akishajua hatakufichua, atachukua uongo wako aubebe yeye, na hutaweza tena kumtua.